Mwisho Ninaoudai Igamba

Nimeishika rimoti tangu nimalize kufagia uwanja, na hadi sasa sijatulia kwenye chaneli hata moja. Pale kuna mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, kijana mtanashati, kamwalika mgeni halafu hamwachi aongee. Anauliza swali, anajijibu, anacheka mwenyewe, anasema tupumzike kidogo turudi. Nikahama. Nikakuta shindano la kuimba, majaji wamekaa kwenye viti vya kuzunguka wanamcheka binti wa watu kwa kuwa kaishiwa pumzi. Mmoja wao aliwahi kutoa wimbo wake, tukausikia, tukanyamaza kwa adabu. Nikahama tena. Mjukuu wangu ananiambia, bibi, TV haikusikii, unagombana na nani? Hajui kwamba bibi yake amekula, amevaa na amejenga kwa kugombana na TV.

Mimi ndiye Mama Tafsiri. Kwetu Unamwanga nina jina langu la ukoo, lakini Tunduma nzima ilinijua kwa hilo, na madereva wa masafa marefu walilibeba mpaka Kapiri Mposhi. Nyinyi mnaotafsiri picha siku hizi mmekaa vyumbani na simu zenu, mkikosea mnafuta, mnarudia. Sisi tulitafsiri papo hapo, mbele ya watu wanaokusikia. Banda la mabati jirani na foleni ya malori, mabenchi ya mbao, TV ya kichogo, spika zinazokoroma, na mimi kwenye kiti cha pembeni na maiki mkononi. Picha inatembea, maandishi ya Kiingereza yanapita chini, mimi nayasoma na kuyatoa kwa Kiswahili kabla mdomo wa yule wa kwenye kioo haujafunga.

Sasa sikilizeni, maana mnakosea sana. Jana mjukuu kanionyesha kijana mmoja anatafsiri mazishi kwa sauti ileile anayotafsiria ngumi. Hapana. Kwanza, usinywe soda kabla ya kazi, gesi itakupanda katikati ya ugomvi. Kunywa tangawizi ya moto. Pili, usisome mstari mzima. Shika mtu na alichokifanya, mengine jaza mwenyewe. Na wape watu majina. Dereva aliyeendesha tangu Dar es Salaam hawezi kushika majina ya Kikorea. Mfalme wao mmoja niliyemuona anakaa tu na kugonga mihuri nilimwita Mtendaji, na mpaka tamthilia inaisha hakuna aliyeuliza jina lake la kweli.

Umeme ukikatika, usisimame. Hilo alinifundisha Ba Chanda, mzee wa Nakonde aliyekuwa akitafsiri kwa Kibemba ng'ambo ya mpaka. Wakati huo nilikuwa nauza chai na maandazi mlangoni kwake. Siku moja umeme ulikata picha ikiwa imepamba moto, yeye akaendelea kusimulia gizani kana kwamba anaiona. Nilimuuliza kwa nini hakungoja jenereta. Akaniambia, "Awe, mayo, hapana mama. Ukinyamaza wanakumbuka kwamba hawajala." Nikaanza kumshikia maiki akienda kusali, kisha akienda sokoni, kisha nikavuka mpaka na kuja kuanza upande wetu.

Nilikwishawahi kumaliza picha nzima kwa mdomo, jenereta limegoma. Nilimfunga adui, nikamwoza steringi, nikamfufua hadi mama mzazi aliyekufa mwanzoni. Kesho yake umeme uliporudi tukawawekea mwisho wa kweli, wakazomea. Walitaka ule wangu. Ndio utajua kwamba mtazamaji hataki ukweli, anataka haki itendeke.

Maoni yangu niliyatia, sikatai, na siombi radhi. Nani anakuja bandani kusikia maandishi yanasomwa kama tangazo la msiba? Mama mkwe mchokozi nilimpa sauti ya kukwaruza. Kijana wa kitajiri anayelia ovyo nilimkoromea katikati ya mstari. Picha zetu za hapa nyumbani hazikuhitaji kutafsiriwa, na nilishukuru, kwa sababu ningesema nini? Gari linapiga honi, geti linafunguliwa, gari linaingia, mtu anashuka, anavaa miwani, anapanda ngazi, na wewe ulale uamke bado hajafika sebuleni.

Lakini bandani kwetu kulikuwa na utaratibu mmoja ambao sijaukuta kwingine. Wateja wetu walikuwa watu wa foleni. Malori yakirundikana kusubiri kuvuka, mkia unafika Chapwa, unafika Mpemba, dereva anakaa hapo siku nyingi hana la kufanya. Anaingia bandani. Katikati ya kisa utingo anachungulia mlangoni, bosi, foleni inasogea, na mtu lazima akimbie. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba aliyeondoka kabla ya mwisho anaudai. Mwisho ni wake. Atakayekutana naye mbele, Mpika au Makambako, lazima amsimulie, hata kama hawajuani, hata kama ni kwenye mzani. Nimesikia watu walisimamisha malori bega kwa bega barabarani ili mmoja amwambie mwenzake kama yule mtoto alipatikana. Kumnyima mtu mwisho wake kulionekana ni utovu wa adabu kabisa.

Sasa nifike kwa Osia. Ngoja nisimame kwanza, goti hili likikaa sana linalalamika.

Osia alikuwa dereva wa lori la kontena, mtu wa Igamba, Mbozi, kwenye kahawa. Mpole, mrefu, anakaa benchi la nyuma ili asizibe watu. Msimu huo tulikuwa na tamthilia ya Kituruki ndefu kama barabara ya Sumbawanga. Ndani yake kulikuwa na mume mmoja tajiri ambaye kila akionekana anatoka safari au anakwenda safari, na mkononi ana sanduku. Nilimwita Sanduku. Nilimchukia tangu siku ya kwanza. Nina sababu. Baba wa watoto wangu aliondoka na sanduku kwenda kwenye migodi ya shaba huko Zambia, na ukiniuliza leo yuko wapi nitakujibu kama utakavyojibu wewe.

Siku hiyo Sanduku anarudi nyumbani, mkewe amesimama mlangoni anamuuliza alikuwa wapi. Maandishi chini yalisema alikuwa hospitali anamuuguza ndugu yake. Nikayaona vizuri kabisa. Lakini nilitazama ile sura yake iliyonyolewa vizuri, na mdomo wangu ukasema, "Nilikuwa Mpemba, mke wangu. Turubai lilipasuka, mvua ikanyesha, na simu ikaisha chaji." Banda lilipasuka kwa kicheko. Madereva walipigana mabega, maana hakuna hata mmoja wao ambaye hajawahi kuwaambia wa nyumbani maneno hayo. Mwenye banda mwenyewe alitoka nje akacheke vizuri.

Tatizo ni kwamba tamthilia hiyohiyo ilikuwa ikionyeshwa majumbani, imetafsiriwa na watu wa studio, kistaarabu, kila neno mahali pake. Na Igamba, mke wa Osia alikuwa akiifuatilia. Anaitwa Sabina. Foleni ilikuwa imemchelewesha Osia kuliko kawaida, maneno ya watu yakamfikia Sabina kwamba Tunduma ina wanawake na mume wake ana muda. Akampigia simu. Osia akamwambia ukweli, niko bandani naangalia tamthilia yetu ileile. Sabina akasema haya, nisimulie, yule mume tajiri alimjibu nini mkewe?

Masikini Osia akasimulia alichosikia. Mambo ya hospitali hayajui, ndugu mgonjwa hamjui. Anachojua ni kwamba Sanduku ni mwongo, na kwamba alisingizia turubai. Tena akacheka wakati anasimulia, akidhani Sabina naye atacheka. Mtu anaambiwa na mume wake kwamba tajiri wa Istanbul alikuwa Mpemba anafunga turubai, wewe ungemwelewaje? Sabina alielewa kwamba mume wake hakuwa bandani, hajaangalia chochote, na juu ya hayo anamfanya mjinga. Akamwambia kahawa itaivia mtini, yeye anachukua watoto anarudi kwao Itumba, na Jumapili haitamkuta pale.

Osia alikuja kwangu kapauka. Hakunilaumu. Alikaa benchi la mbele, ambalo hakuwahi kukaa, akanieleza yote, akaniomba niongee na mkewe. Nikasema hilo ni jambo dogo, leta simu. Jamani, mimi nina sauti mbili. Hii mnayoisikia, na ile ya maiki ambayo nikishika kitu chochote mbele ya mdomo inajitokeza yenyewe, laini, ya msichana. Hadi leo watu wa huduma kwa wateja huniita dada. Nikasema kwa upole wote, "Haloo Sabina, mimi ndiye ninayekaa na Osia jioni zote hizi, usiwe na wasiwasi." Sabina akasema, "Kumbe ndio wewe," akakata.

Nilitamani kuimeza ile simu. Osia alishika kichwa kwa mikono miwili. Sabina akipigiwa hapokei. Ujumbe haujibu. Kesho yake asubuhi nikamwambia twende, nataka mwanamke huyo anione uso wangu na miaka yangu, aamue mwenyewe kama mimi ni wa kuibia watu waume. Akamwachia utingo lori, tukapanda gari mpaka Mlowo, kisha bodaboda. Sikutulia njia nzima. Nilikuwa nayapanga maneno na kuyapangua, mimi ambaye sijawahi kupanga neno.

Tulimkuta Sabina kwenye meza za kuanikia kahawa, anachambua, mikono imechafuka, pembeni yake shangazi yake Osia. Mabegi yalikuwa tayari yamefungwa ukumbini. Aliniona, akaona mvi, akaniamkia shikamoo vizuri, akaniletea maji ya kunawa na ugali. Mume wake hakumtazama. Nikala, maana kukataa kungeharibu zaidi. Nilipomaliza nikamweleza kazi yangu na jinsi ninavyoifanya. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini mtu anaweza kuletwa na akafundishwa aseme nini. Mchana huu kuna marudio. Nitazima sauti. Utafsiri hapa, nikusikie."

Vijana, hamjui maana yake. TV ya nyumbani haina maandishi chini. Sauti imezimwa. Nina midomo ya Waturuki tu, na mikono yao, na mwanamke ananikazia macho. Nilitafuta maiki nikakosa, shangazi akanipa gunzi la mahindi. Nikakaa pembeni ya TV kama kawaida yangu. Kwanza nilitafsiri vijakazi, nikawasemesha habari za mboga ili nipashe koo. Kisha mlango ukafunguliwa, Sanduku akaingia na sanduku lake, na mkewe akamsogelea kumuuliza.

Nilimtazama Osia. Alikuwa kwenye kigoda mlangoni, magoti yanamgusa kidevu. Nikawaza, leo mwokoe, mfanye Sanduku awe mtu mwema, mpe maneno matamu ya kumwambia mke wake, huenda Sabina moyo utalainika. Kweli nilitaka. Lakini Sanduku akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kile chake cha mafuta, na hasira ya zamani ikanipanda. Gunzi likasogea mdomoni lenyewe.

"Nilikuwa Mpemba, mke wangu. Safari hii ni kamba za turubai zilikatika. Na nilivyokukumbuka, mpaka chaji ikaisha."

Shangazi alicheka kwanza, akaanguka upande kwenye kochi. Sabina alijizuia, akajizuia, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Akasema ndio maneno yenyewe, ndio huyu, hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kumtukana Mturuki namna hii. Osia akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu Tunduma. Mimi tayari nilikuwa nimeanza kujisifu moyoni. Nilijiona nimeokoa ndoa kwa gunzi.

Sabina hakurudisha sauti. Alimgeukia mume wake, bado macho yana maji ya kicheko, na ndipo kwa mara ya kwanza akamwangalia.

"Kwa hiyo kweli ulikuwa bandani."

"Nilikwambia, mama watoto."

"Siku zote zile za foleni."

"Siku zote. Muulize Mama Tafsiri."

"Na leo lori umemwachia nani?"

"Utingo," Osia akasema, kabla hajajua anajibu nini.

Shangazi aliacha kucheka. Mimi nikaweka gunzi chini taratibu. Kutoka Tunduma hadi pale tulikuwa tumefika kabla jua halijawa kali, na mtu anaweza kulala kwake akarudi asubuhi foleni haijasogea. Wote tulilijua hilo tangu zamani, madereva wa Mbozi, wa Vwawa, hadi wa Ileje, waliojaa kwenye mabenchi yangu kila jioni wakiwalilia wake za Waturuki. Hakuna aliyewahi kulisema.

"Kumbe lori linaachika," Sabina akasema. Hakupandisha sauti. "Angekuwa mwanamke, Osia, ningejua nashindana na nani. Ningemfuata. Sasa wewe ulikuwa hapo tu, unaangalia mume wa mwenzangu anavyorudi nyumbani."

Osia alifungua mdomo. Hakukuwa na maandishi chini, na mimi sikuwa na la kumsaidia. Sabina akaizima TV kabisa, akakaa kwenye kochi, akamwonyesha Osia kiti cha mbele yake. "Sogea," akamwambia. "Nisimulie wewe. Ya humu ndani."

Nikaona aibu, nikaaga. Shangazi akanisindikiza mpaka penye bodaboda, na njiani nilimbembeleza arudi, asimame dirishani, asikie Osia atajibu nini, kisha anipigie. Akakataa katakata. Nikapanda pikipiki huku nimegeuza shingo nyuma. Mimi, ambaye nimewapa watu miisho yao miaka yote hiyo, nikaondoka kabla ya mwisho.

Tangu siku hiyo kazi iliniwasha. Nikishika maiki namwona Sabina anachambua kahawa. Nikaanza kukatisha kisa mahali patamu, jioni magari yakiwa bado yapo, natangaza kwamba wenye wake zao Vwawa, Mbozi na Ileje wanaweza kutoka, matingo wapo, na mwisho wao nitauhifadhi. Wengine walinuna. Mwenye banda alisema namfukuzia wateja, na alikuwa anasema kweli, maana wengine waliinuka. Wengine walibaki wakiangalia chini. Simu zilikuja baadaye zikamaliza mabanda, kila mtu akawa na banda lake mfukoni, nikaacha kazi. Lakini mimi nadhani kazi ilianza kuniacha pale Igamba.

Na mwisho wangu niliudai, banda likiwa bado lipo. Nilituma salamu kwa kila dereva anayepanda kwenda Mlowo, mwambieni Osia anadaiwa na Mama Tafsiri, anajua nini. Lori lake nililiona mara kadhaa. Alipiga honi ndefu, akanipungia mkono, hakusimama. Nilikasirika. Utaratibu ni utaratibu.

Hadi siku moja dereva mgeni aliniletea kopo la kahawa iliyokaangwa, inanukia banda zima. Akasema imetoka kwa Sabina wa Igamba, na ana maneno. Nikamwambia ayaseme polepole. Akasema, "Anasema pole kwa kungoja. Mwisho hawawezi kukuletea. Bado wanaongea."

Nilikaa benchi la nyuma, alipokuwa akikaa Osia, na nasema kweli, niliona wivu. Wangu alipoondoka na sanduku lake tuliagana vizuri sana. Nguo nilimkunjia mimi mwenyewe. Sikumuuliza kitu, naye hakusema kitu, na watu walitusifu kwa utulivu.

Ndio maana nahamahama chaneli, wajukuu, na mtu akinikatishia mgeni kauli asubuhi asubuhi natamani kuipiga TV kwa kiatu. Mkipata safari ya Igamba, fikeni pale kwa Osia na Sabina. Mkikuta bado wanaongea, msibishe hodi. Rudini mniambie.